Kikombe cha Matundu

Baba aliporudi kutoka hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na nusu ya nguvu. Uliweza kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati, polepole, lakini haukuweza kurusha mshipi hadi kwenye kina cha bwawa, ambako samaki wakubwa aina ya trauti hukaa. Alijaribu kila asubuhi kwenye gati dogo la mbao nyuma ya nyumba. Mshipi ulimwangukia miguuni kama kamba ya nguo iliyokatika.

Binti yake alimtazama kupitia dirisha la chumba cha vifaranga wa samaki. Chumba hicho, nyumba na bwawa vilikuwa mali ya chama cha watu wanaovua kwa ndoana kwa kujifurahisha. Baba alikuwa mtunzaji wa bwawa tangu binti hajaota meno, na kiharusi kilipompata, kazi ikamwangukia binti. Wanachama walimwita Mama Vifaranga, ingawa hakuwa na mtoto. Aliitika.

"Umepata, baba?" alimuuliza kila aliporudi.

"Nimepata upepo. Uweke chumvi tule."

Walicheka. Baadaye baba akaacha kujibu, akawa anapita moja kwa moja hadi kitandani. Sahani yake ikaanza kurudi jikoni na chakula nusu.

Alichokitaka kilijulikana nyumba nzima. Kabla ya kuugua aliwahi kumnasa trauti jike mwenye pengo kwenye mkia, akamtazama, akamrudisha majini. "Nenda ukale," alimwambia. "Tutaonana ukinenepa." Wakamwita Shangazi, kwa sababu alitokea siku aliyotaka mwenyewe na hakugusa chochote alichoandaliwa. Mara moja moja mgongo wake ulionekana ukipasua maji jioni, mpana kama ubao wa kukatia nyama. Baba alitaka kumpata kabla mkono haujamkataa kabisa. Hakuomba kingine.

Katika bwawa lile trauti hawakuzaliana. Hapakuwa na kijito chenye kokoto cha kutagia mayai, kwa hiyo kila samaki aliyekuwamo alitiwa na mkono wa mtu. Vifaranga walilelewa kwenye matangi ya chumbani, na msimu ulipofika walipimwa kwa kikombe cha bati ambacho baba alikitoboa matundu kwa msumari. Maji yanachuruzika, vifaranga wanabaki. Vikombe thelathini vilimiminwa bwawani. Waliozidi walimwagwa kwenye ndoo ya majivu makavu ili wafe upesi, wakazikwa nyuma ya banda. Kuwapeleka mtoni kulikatazwa, maana wangewamaliza samaki wadogo wa huko.

"Sahani ni moja," baba alimfundisha. "Wadudu na konokono waliomo mle hawaongezeki kwa sababu wewe umealika wageni. Ukiita mtaa mzima, hakuna atakayeshiba."

Msimu wa kwanza wa binti peke yake, alipima vikombe thelathini akamimina. Ndoo ya majivu ilikuwa tayari mlangoni. Akajaza kikombe cha kwanza cha ziada, akakiinua, na kutoka nje akasikia mshipi ukipiga maji karibu kabisa na mbao, kisha kikohozi cha baba. Akafikiri: samaki wakiwa wengi, watasambaa kila mahali, hata hapo miguuni pake. Akageuka, akafungua bomba la kuelekea bwawani, na matangi yakajimwaga mpaka yakabaki matupu.

Majivu akayapeleka bustanini.

Msimu uliofuata baba alinasa. Kwanza mmoja, wa urefu wa kiganja, halafu watatu asubuhi moja. Alipiga kelele kutoka gatini, "Lete wavu, wewe! Wanakimbia!" na binti akatoka mbio na unga wa mikate viganjani. Siku hiyo baba alimaliza sahani, akaifuta kwa kidole.

"Mkono unarudi," alisema, akaukunja na kuukunjua juu ya meza. "Daktari alisema hautarudi. Uone!"

Binti alitazama mkono. Ulikuwa uleule.

Chama nacho kilifurahi. Mwenyekiti alikuja na gari limejaa wageni. "Hata shemeji yangu, ambaye hajui ndoana inashikwa wapi, kapata watano!" alimwambia binti. "Chochote unachofanya, endelea." Kwa hiyo matangi yalipojaa tena, alifungua bomba tena. Safari hii hata ndoo hakuitoa.

Aliyeanza kulalamika ni mlinzi wa lango, mtu aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliruhusiwa kuvua siku zake za mapumziko. Alifika jikoni na samaki waliotungwa kwenye ujiti, akawaweka mbele ya baba.

"Mzee, leo nimepata saba. Nikiwashona pamoja nitapata mmoja."

"Acha midomo."

"Midomo gani? Tazama vichwa! Hivi ni vichwa vya baba zao, miili wameazima. Mke wangu aliniuliza kama nimeleta samaki au vijiti vya kuchokolea meno."

Baba hakucheka. Wale samaki walipaswa kuwa wamefikia urefu wa mkono hadi kiwiko. Bado walikuwa wa kiganja, vichwa vikubwa, migongo imekonda mpaka mifupa inapapaswa. Alichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akampasua mmoja na kulifungua tumbo lake kwa ncha. Ndani mlikuwa na kipande cha gome na mchanga kidogo.

Redio alipoondoka, baba aliuliza bila kuinua uso.

"Msimu uliopita ulitia vikombe vingapi?"

"Thelathini, baba."

"Na ule wa kabla yake?"

"Thelathini."

Baba akaitikia kwa kichwa, akaamini. Hakuwa na sababu ya kutomwamini, binti hakuwahi kumdanganya. Na kwa kuwa alimwamini, akaenda kutafuta kosa kwingine. Alionja maji. Alimtuma Redio achote tope la chini, akalichambua kwenye sinia akitafuta konokono, akakuta maganda matupu. Mwishowe akajitupia lawama mwenyewe.

"Wakubwa wapo," alisema jioni moja. "Wananikwepa. Samaki mkubwa anaujua mkono dhaifu kama mbwa anavyomjua mwoga. Mimi wananiletea watoto."

Binti alikuwa anaosha vyombo. Alisugua sufuria ileile mara mbili. Msimu ule alizika ziada yote, kikombe baada ya kikombe, akimimina bwawani thelathini tu. Lakini bwawa lilikuwa limekwisha kufurika samaki, na hata hao thelathini waliingia kwenye nyumba isiyo na chakula. Shangazi hakuonekana tena jioni.

Kisha likaja joto. Upepo ulikata. Maji yakakaa kama chai iliyosahauliwa kikombeni, vuguvugu na mazito. Maji yakipata joto hewa iliyomo hupungua, na safari hii waliokuwa wakiipigania walikuwa wengi mno. Samaki wakaanza kuja juu, midomo wazi, wakinywa hewa kama watu waliokimbia.

Redio aligonga mlango alfajiri. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi.

"Njooni," alisema.

Bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo. Walitoka na reki na mapipa, wakavuta ukingoni mpaka viganja vikachubuka. Baba alisimama gatini akiwa na wavu wa mkono, akiokota kwa kushoto mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja alihitaji kuangaliwa. Binti alikuwa upande wa pili alipomwona amepiga magoti.

Alimfikia. Ndani ya wavu mlikuwa na samaki mrefu ambaye mkia wake ulining'inia nje. Mkia ulikuwa na pengo.

Baba alikataa kusaidiwa. Alimbeba hadi jikoni, akamlaza mezani, akapitisha kiganja ubavuni mwake. Kichwa kilikuwa cha Shangazi. Mwili uliofuata ulikuwa umenywea kama mkono wa shati lisilovaliwa.

"Wakubwa hutangulia," baba alisema. "Hewa ikipungua, wakubwa hutangulia." Akakaa. "Sasa niambie. Vikombe vingapi?"

Redio, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliondoka bila kuaga.

"Wote, baba. Misimu miwili. Sikuzika hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unarudi mikono mitupu. Ulikuwa huli."

Inzi alitua kwenye jicho la samaki, baba akamfukuza.

"Mikono mitupu ilikuwa yangu," alisema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Mimi nilidhani ninapona. Nilimwambia mpaka daktari. Usiku nilikuwa naufanyisha mkono mazoezi kitandani, chini ya shuka, usije ukaniona ukanicheka. Kumbe hata mtoto wa kunyonya angenasa mle."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusikia."

Binti alisubiri, akatambua kwamba hilo ndilo jibu lote atakalopata.

"Bwawa litapona?" aliuliza.

"Litapona. Usipotia kitu, waliobaki watakula, watanenepa. Wape miaka minne, mitano, utaona mgongo kama ule." Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala mezani kando ya samaki, akausogeza kwa ule wa kushoto kama mtu anavyosogeza kisahani. "Bwawa litapona," akarudia.

Jioni, samaki wa kwenye mapipa walipokwisha kuzikwa, binti alienda chumba cha vifaranga. Matangi yalikuwa yamejaa vifaranga wa msimu mpya, wazima, wameelekeza vichwa kwenye maji yanayoingia. Alikuta kikombe hakipo kwenye msumari wake. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe mapajani, ndoo ya majivu kati ya miguu.

"Wote?" binti aliuliza.

"Wote."

"Nenda kapumzike, baba. Nitafanya mwenyewe."

"Najua utafanya." Akampa kikombe. "Ndoo nitaishika mimi."

Akaikumbatia kwa mikono yote miwili, ule nusu na ule mzima. Binti akachota, akangoja maji yachuruzike kwenye matundu, akamimina. Majivu yalitoa sauti ndogo kama mtu anayejaribu kumnyamazisha mtoto. Kila kikombe kiliposhuka ndoo ilitetemeka, na binti alingoja mpaka itulie ndipo achote tena.