Kesi Barazani kwa Hakimu

Fundi wa makochi alikuwa amelichoka jina la ukoo wake. Aliitwa Hakimu, kama baba yake na babu yake, na mtaa mzima ulilichukulia jina hilo kuwa ruhusa ya kumvurugia kazi. Mume kakorofishana na mke, wapangaji wamegombania bomba, wote moja kwa moja barazani kwake, naye misumari mdomoni, kochi la mteja limelala tumbo wazi.

Asubuhi moja akaja muuza maziwa wa nyumba ya pili.

"Nimeleta kesi."

"Leo sina nafasi, mama. Unamshtaki nani tena?"

"Wewe."

Fundi akatema misumari. Mama akaeleza kwamba vumbi la sufi la hayo makochi makuukuu linatua kwenye nguo zake alizoanika, na mtoto wake anakohoa usiku kucha. Angempelekea nani mwingine?

"Nikihamia ndani ni giza tupu, kochi lenyewe halina pa kugeukia!" fundi akafoka. "Nitakula nini?"

Shangazi yake, aliyekuwa pembeni akichambua sufi, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Jina hili unadhani tulilipataje? Baba yangu hakuwa hakimu wa popote, alikuwa mwashi. Alijenga ukuta, ukamzibia jirani mlango wa uani. Watu wakamwuliza, haki ni ya nani? Akachukua sururu, akaubomoa mwenyewe. Ndipo wakaanza kumwita Hakimu, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Na usidhani alifurahi. Alinuna wee!"

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Kwani uliniuliza?"

Fundi alimkasirikia babu, akamkasirikia shangazi, na zaidi ya wote yule mama aliyesimama akingoja. Angekuja kwa matusi, ingekuwa rahisi kumfukuza.

"Haki ni yako," akasema kwa uchungu. "Haya mama, shika huko."

Wakalibeba kochi hadi ndani. Hata kichwa cha msumari hakikuonekana vizuri, na alijigonga kidole mara mbili kabla ya adhuhuri.

Alasiri dirisha likagongwa. Walikuwa wanaume wawili wageni, wamevimba kwa hasira.

"Tumetoka mtaa wa juu," akasema mmoja. "Tumesikia kuna hakimu hapa asiyejipendelea hata mwenyewe."