Kopo la Sukari la Shangazi Keji

Tangu arudi mtaani kwake Malakia kutoka ukimbizini Uganda, mkataba wa amani ulipotiwa sahihi, shangazi Keji hakuwa amepokea komunyo. Miaka mitatu mizima, kisa kopo la sukari.

Mgeni mmoja, mtu wa kanisa asiyejua kufunga mdomo, alilitazama kopo lile la fedha mezani akasema linafanana na chombo cha hostia, mkate wa komunyo, kilichopotea misheni wakati wa vita vya kwanza vya wenyewe kwa wenyewe. Kopo shangazi alipewa na marehemu mumewe, Cirillo, aliyekuwa mpishi wa meli ya mtoni iendayo Khartoum. Shangazi akahamia benchi la nyuma kanisani.

Mimi, Night, mpwa wake, nimekulia Nairobi, nikajifunza kufua fedha huko. Kwa hiyo aliniwekea kopo mapajani.

"Night, wewe iko fundi. Kama Cirillo aliiba ya Mungu, mimi nataka jua."

Niliogopa. Nilimpenda yule mzee Cirillo, na fedha haijui kubembeleza mtu.

Chombo cha hostia hupakwa dhahabu ndani. Hata ukisugua kwa majivu miaka arobaini, chembe hubaki pembeni. Hapakuwa na chembe. Kitako kilikuwa kimekatwa mguu. Chini ya kifuniko palikuwa na vitundu kumi na viwili, vimezibwa kwa lehemu. Nilipoipasha moto, ikatoka harufu ya udi wa sandali.

"Shangazi, hiki ni chetezo cha bibi harusi. Kazi ya Omdurman, ng'ambo ya Khartoum. Chetezo cha kanisa kingekuwa na pete za minyororo."

Alivigusa vile vitundu kwa kidole.

"Baba yangu alikataa mambo ya moshi ya harusi," akasema. "Katekista. Alisema binti yake hatafukizwa kama samaki. Sasa nani aliziba?"

Nikamwonyesha birika jikoni, lile ambalo Cirillo alilitengenezea mdomo. Mabonge ya lehemu yalikuwa yale yale. Alikuwa amemletea mchumba wake chetezo, kikakataliwa na baba mkwe, akakigeuza kopo ili kiingie nyumbani. Hakumwambia kamwe.

Shangazi alilia, akacheka, akajifuta kwa kanga.

"Zibua yote."

"Na sukari?"

"Itakaa kwa chupa."

"Na babu angesema nini?"

"Baba iko mbinguni. Huko pia wanachoma ubani."

Jumapili alitangulia mstari wa komunyo, mwanamke wa miaka sabini na moja, gauni lake, lililofukizwa kwa chetezo, linanukia harusi.