Kengele ya Waya

Jumamosi ya nne mfululizo baba wa mwanangu hakuja, na kwa mara ya nne kosa likawa la kengele.

"Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu," alimwambia binti yetu kwenye simu Jumapili asubuhi. "Hakuna aliyefungua. Betri zenu zimekufa tena. Mwambie mama yako anunue betri za maana."

Binti yetu ana miaka tisa. Tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu alipoanza kusema, akisikia jambo mara moja hulirudisha neno kwa neno, pamoja na sauti ya mwenyewe. Alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mama, baba alikuja. Alibonyeza mpaka kidole kikaota sugu. Betri zetu zimekufa tena."

"Betri nimeweka Jumatano."

"Basi ni mbovu."

"Na mikono yake? Geti ni la bati, si la sufi. Si angegonga?"

"Angegonga ungesikia, na yule fundi anavyokata vyuma?"

Hapo alinipata. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya kuchomelea, na kuanzia saa tatu asubuhi msumeno wake unalia kama mtu anayeng'olewa jino. Nyumba yetu iko nyuma kabisa ya kiwanja, hatua thelathini na mbili kutoka getini. Bila kengele unaweza kugonga geti hadi mkono uvimbe, sisi tunasikiliza redio. Na simu je? Simu yake, kila Jumamosi, huisha chaji.

Nilivuka barabara nikamuuliza fundi mwenyewe.

"Shemeji? Sijamuona, dada. Na mimi niko hapa kutwa nzima kama mlingoti."

Nilirudi na ushahidi wangu. Kasuku hakutikisika. "Yule anavaa miwani nyeusi akichomelea. Atamuonaje mtu?"

Nilitoka nikabonyeza kitufe getini, nikarudi kusikiliza mtu wa karakana akinibonyezea. Kimya. Nikafungua kisanduku cha sebuleni, nikatoa betri zote mbili, nikazitupa kwenye ndoo ya taka, kisha nikasema mbele ya ukuta maneno ambayo siwezi kuyaandika. Sikuweka nyingine mpaka Jumanne, na nilipoweka sikujaribu tena. Nilikuwa nimeshaamua.

Kilichoniamulisha ni kikao cha Jumatatu. Tuliachana miaka miwili iliyopita, na tukakubaliana mbele ya afisa ustawi wa jamii: kila Jumamosi saa nne baba anamchukua mtoto, jioni anamrudisha. Mwaka wa kwanza alikuja. Nampa haki yake, alikuja, na alimrudisha amechanwa nywele. Mwaka wa pili akaanza kuruka, moja leo, mbili kesho. Sasa Jumatatu hiyo alikaa kwenye kiti cha ofisi ya watu, akakunja nne, akamwambia afisa, "Nafungiwa geti."

Afisa aligeukia kwangu. "Mama, hakikisha basi kengele inafanya kazi. Tusimnyime mtoto baba yake."

Mimi! Mimi ninayepiga pasi gauni kila Ijumaa usiku na kulikunja tena kila Jumamosi jioni bila kuvaliwa.

Nina diploma ya maabara, nafanya kazi ya kupima maji ya bomba. Kazini kwangu maji hayawi salama kwa sababu mtu ameapa. Yanatiwa kwenye chupa, yanapimwa, na majibu yanabandikwa ukutani hata kama mkubwa hataki. Nilitoka kwenye ofisi ile nikiwa na wazo moja tu. Nitaweka kengele ya waya. Hakuna betri, hakuna ya kufa. Halafu tuone nani anamfungia nani.

Fundi umeme alikuja Alhamisi, mzee mnene mwenye penseli sikioni, na mimi nikaomba ruhusa kazini ili nimsimamie.

"Mama, wenzako wanapanda ngazi, wewe unashuka," aliniambia akipima ukuta wa uzio kwa utepe. "Siku hizi watu wanatoa waya wanaweka betri."

"Betri ina visingizio. Waya hauna."

"Ahaa! Kumbe huhitaji kengele, unahitaji shahidi."

"Nipatie vyote viwili."

Alicheka mpaka penseli ikaanguka. Lakini kazi aliijua. Alifunga transfoma ndogo karibu na swichi kuu, akanieleza kwamba ndiyo inayopunguza nguvu ya umeme, ili mgeni akibonyeza kitufe kwenye mvua asirushwe. Akapitisha waya ndani ya bomba la plastiki, akalibana ukutani kila baada ya hatua moja. Akatoboa ukuta wa sebule. Vumbi la saruji liliingia hadi kwenye sufuria ya mchuzi iliyofunikwa. Mpaka leo sijui lilipitia wapi.

Kasuku alirudi kutoka shuleni saa nane, akamganda mzee kama ruba.

"Babu, hii betri zake zinakaa wapi?"

"Haina betri."

"Zikiisha je?"

"Zitaishaje na hazipo?"

"Na umeme ukikatika?"

"Hapo hailii. Ukirudi, inalia."

"Unakatikaga Jumamosi?"

"Umeme haujui Jumamosi, mjukuu wangu. Nipe hiyo bisibisi."

Nilikuwa nafagia. Nilisikia swali hilo, na sikulitilia maanani.

Ikabaki kuteremsha kisanduku cha zamani ili kipya kikae mahali pake. Mzee alikifungua kifuniko, akakitazama, akanitazama mimi.

"Nani kakudanganya kwamba hii ni mbovu?"

"Hailii."

"Italiaje? Betri moja imegeuzwa. Kichwa kimekaa mkiani." Aliichomoa akaiweka sawasawa. "Mjukuu, nenda kabonyeze getini."

Kasuku hakwenda. Nilikwenda mwenyewe. Nilipobonyeza nilisikia, kwa kuwa saa hiyo karakana walikuwa wanakula, ule wimbo wa ndege wa plastiki ukiimba ndani ya nyumba yangu, mzima wa afya.

Betri zile niliziweka mimi Jumanne. Mtu anayeshika vipimo kila siku hawezi kuchanganya chanya na hasi. Mara ya kwanza kabisa, mwezi uliopita, zilikuwa zimekufa kweli, hiyo naikumbuka. Mtoto akasikia baba akisema, "Ni betri," akaona namna dunia inavyoweza kupona. Tangu hapo alikuwa akipanda kiti na kugeuza moja tu, mimi sina habari, natoa betri nzima natupa, natia nyingine. Wiki hii hakungoja hata Ijumaa.

Niliporudi sebuleni alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Mzee hakuwa mjinga. Alishika kisanduku cha zamani mkono mmoja na kipya mkono mwingine. "Kumbe ilikuwa nzima. Nimalizie hii, au niirudishe hii?" Akashusha sauti. "Waya unaweza kukaa tu hapo, mama. Hauozi."

Nililielewa swali lake, na nilielewa alichofanya mwanangu na kwa nini. Nisijifanye sikuelewa. Lakini nilimuona yule mwanamume kwenye kiti cha ofisi, amekunja nne.

"Malizia," nikasema.

Jioni sikumgombeza. Nilifanya baya zaidi. Nilimpeleka getini kwa mkono nikamwambia abonyeze, na kengele mpya ikalia kule ndani, kali, ya chuma, kama ya shule. Fundi wa karakana aliinua miwani.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa hiyo baba akija?"

"Tutasikia."

"Na tusiposikia?"

Alikisugua kitufe kwa kidole.

"Kasuku, nauliza. Tusiposikia?"

"Hajaja," alisema.

Usiku ule nikamwandikia baba yake ujumbe: Kengele mpya, ya waya, haitumii betri. Jumamosi saa nne. Akajibu upesi sana: Safi. Nipo.

Jumamosi Kasuku aliamka kabla yangu. Alivaa gauni, akavaa viatu vya mikanda, akaweka kwenye begi daftari la michoro na mswaki, ijapokuwa kulala kwa baba yake hakukuwa kwenye makubaliano. Akakaa kwenye kiti kilicho chini ya kengele. Umeme ulikuwepo. Nilikuwa nimewasha taa ya sebule mchana kweupe ili hilo lisiwe na ubishi.

Saa nne ikapita. Saa tano kasoro kengele ikalia.

Aliruka. Alikimbia zile hatua thelathini na mbili na mkanda mmoja wa kiatu ukipigapiga chini, mimi nyuma yake, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulishuka. Nilikuwa nimejiandaa asije.

Geti lilipofunguka alikuwa fundi wa karakana, na kopo la maji mkononi.

"Samahani dada, nilikuwa naomba maji ya kunywa. Halafu nikasema ngoja nijaribu hiki kidude, juzi kimenitoa roho." Akamuona mtoto. "Kasuku! Leo umependeza. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda na baba," alisema, akageuka kurudi ndani.

Nilimtilia fundi maji. Nikamfuata mtoto sebuleni, na hapa ndipo niliposema neno ambalo ningelirudisha mdomoni kama ningeweza. Nilisema, "Angalau tumejua inafanya kazi."

Saa sita. Saa nane. Chakula alikataa. Saa kumi alivua viatu mwenyewe, akavipanga pamoja chini ya kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno: kwamba si kosa lake, kwamba watu wazima wana udhaifu wao, kwamba sasa tumeujua ukweli na tutaishi nao. Nilingoja aseme kitu ili nianze. Alirudi kukaa chini ya kengele.

Saa moja jioni simu yangu ikaita. Alikuwa yeye. Niliweka sauti ya nje makusudi, nikailaza simu mezani, katikati yangu na mtoto.

"Jamani, mbona mnanifanyia hivi?" alianza. "Nimekuja. Nimebonyeza hiyo kengele yenu mpya, kimya. Nimesimama pale kama mdaiwa."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Na nusu hivi."

"Kitufe chake ni cha rangi gani?"

"Nini?"

"Kitufe ulichobonyeza. Rangi gani?"

"Sasa wewe, mtu anabonyeza kengele au anachagua kitambaa? Cheupe."

Ni chekundu. Mzee alikuwa nacho hicho kimoja tu kwenye mkoba. Chekundu kama nyanya, kinaonekana tokea kona ya barabara. Nilivuta pumzi. Miezi na miezi nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo, na sasa mtu mzima yuko kwenye kiganja changu, mbele ya shahidi, nami ninachotakiwa ni kutaja rangi moja.

"Ililia, baba," Kasuku akasema.

Nikamgeukia.

"Kengele ililia. Mimi nilisikia. Nilikuwa hapa chini yake. Sikufungua tu."

Baba yake alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba siku ile hakuikanyaga barabara yetu. Alijua kwamba mtoto anasema uongo na kwamba anausema kwa ajili yake. Nilimngoja. Kwa mara ya kwanza tangu tuachane nilimtakia mema yule mtu. Nilimuombea apate ujasiri wa kusema, hapana mwanangu, sikuja. Maneno matatu tu.

"Sasa kwa nini usinifungulie?" akasema. "Ndiyo adabu hiyo?"

"Samahani, baba."

"Mimi natoka kote huko, wewe unakaa tu unasikiliza kengele?"

"Sirudii tena."

"Haya. Nimekusamehe." Sauti yake ilikuwa imeshapata nafasi ya kukaa vizuri. "Mama yako amesikia mwenyewe. Na hata afisa akiuliza, useme hivyohivyo."

"Nitasema."

Nilifungua mdomo. Mimi si mtu wa kumeza maneno, wanaonijua wanalijua hilo, wengine wamenihama kwa ajili yake. Mtoto alinitazama. Hakulia wala hakunisihi. Alinitazama kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka ukingoni, anayekuomba kwa macho tu usimguse.

Nikafunga mdomo. Akamuaga baba yake, akakata simu, akanirudishia.

"Kwa nini umesema hivyo?" nilimuuliza.

"Sasa ningesema nini?"



Nikampashia chakula. Alikula chote, akaosha sahani yake, akapangusa meza bila kuambiwa. Akachukua begi, akatoa mswaki, lakini daftari akaliacha humo ndani.

"Jumamosi ijayo nitakaa getini kabisa," alisema. "Nje. Akija tu namuona."

"Pana jua pale."

"Nitavaa kofia."