Mizinga Yenye Mguu wa Kanga

Siku hakimu alipokuja Ipole kukagua mali ya mwanangu Ezekia na mkewe Elieth, nilijifunika kitenge hadi puani kama anayeumwa jino. Ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjwa mahakamani. Kilichobaki ni kugawana. Tukaanzia nyumbani, tukaenda kwenye bani la kukaushia tumbaku, na watu nyuma yetu utadhani wanasindikiza harusi. Mambo ya watoto wangu yalianikwa mchana ule kama majani ya tumbaku.

Ugomvi ulikuwa kwenye mizinga ya nyuki. Ezekia alidai mizinga yote iliyoko msituni ni urithi wa baba yake, marehemu mume wangu Mahona, na urithi wa mtu haugawiwi mke anayeachwa. Elieth akasema sivyo, waliichonga na kuitundika wao wawili, wamekwisha kuoana. Kwake mizinga ndiyo ilikuwa kila kitu. Nyumba imesimama kwenye kiwanja cha ukoo, na bani limeliwa na mchwa. Akiikosa mizinga, anarudi kwao Puge na watoto, mikono mitupu.

Ezekia alikuwa ameushusha mmoja, akauleta uwanjani.

"Mheshimiwa, jionee mwenyewe," akasema, akipangusa vumbi ubavuni mwa gogo. "Mguu wa kanga. Alama ya baba. Kila mrina asali hapa anaijua."

Watu wakaitikia. Ni kweli waliijua: mistari mitatu inayokutana chini, kama wayo wa kanga kwenye tope.

"Kamba ya kuupandisha nilishika mimi," Elieth akasema. "Mkono ukachubuka mpaka leo kovu lipo. Au na kamba nayo ni urithi?"

"Kushika kamba siyo kumiliki mzinga. Mbona hata punda anabeba?"

Wanaume wakacheka. Mimi nikatazama chini. Huyo punda ndiye aliyeniogesha nilipougua kiuno, nikashindwa hata kugeuka kitandani.

Hakimu alikuwa binti, mdogo kuliko Elieth. Akanigeukia. "Shikamoo mama. Wewe ndiye mjane wa marehemu. Alama hii ni yake?"

"Marahaba, mheshimiwa. Ni yake."

Ezekia akashusha pumzi. Na mimi ningeweza kuishia hapo. Uongo sikusema. Nikahisi hata moyo unatulia, na huko kutulia ndiko kulikonitia aibu kuliko yote ya siku ile, maana niliona nataka kumdanganya Mungu kwa neno la kweli.

"Lakini," nikasema, "hiyo ni alama ya mtu aliye hai."

"Sijakuelewa, mama."

Nikamweleza. Katika ukoo wa mume wangu, mwenye mizinga akifa, siku ya kuanua matanga wanaume huishusha, na mjane huikata alama kwa mstari mmoja wa kulala. Ndiyo namna ya kuwaambia nyuki kwamba mwenyewe hayupo tena. Mizinga ya Mahona niliikata yote kwa mkono wangu. Ezekia alikuwa Tura kwenye vibarua vya reli. Alipofika, watu walikwisha kutawanyika, hakuona. Mwaka uliofuata moto wa msituni ukaiteketeza, naye hata uchumba hajaanza. Hii ya sasa ilichongwa baadaye, na alama ya baba yake akaiiga.

"Mama amezeeka," Ezekia akasema taratibu, kwa upole wa kuniumiza. "Anachanganya mambo."

"Uliobaki uko jikoni kwangu," nikajibu.

Nikaenda kuuchukua mwenyewe. Mzinga ule ulikuwa na ufa, hatukuutundika tena, nikawapa kuku watagie humo. Siku hiyo mtetea alikuwa amelalia na akakataa kutoka, basi nikaja naye humo humo.

"Haya, shahidi kaja na mayai!" mtu akapaza sauti. Uwanja mzima ukaangua kicheko, hakimu naye akaziba mdomo. Nikautua kando ya ule mzinga wa Ezekia. Kuku akaruka, akakimbia. Watu wakainama kutazama. Mguu wa kanga ule ule, na mstari wangu umepita katikati, umepinda kama nilivyoukata siku ile ya matanga.

Kicheko kikakatika. Mzee Vedasto, mdogo wake Mahona, ambaye dakika chache nyuma aliitikia pamoja na wengine, akakohoa. "Ni kweli, mheshimiwa. Sisi tulishusha, shemeji akakata. Nilisahau." Hakumtazama mtu.

Hakimu akasema mizinga ni jasho la wote wawili, itagawanywa.

Ezekia akanisogelea. "Umenivua nguo mbele za watu, mama."

"Umejivua mwenyewe, mwanangu. Mimi nimekosa shuka ya kukufunika."

Nikainama niubebe mzinga wangu. Sikuzote mwanangu huyu hakuniacha nibebe hata ndoo. Safari hii alisimama tu. Aliyeshika upande wa pili alikuwa Elieth.

"Asante, mama."

"Usinishukuru," nikamwambia. "Nimemzaa mimi."

Tukaubeba wawili, watu wakatupisha njia. Kiganja chake chenye kovu kilikuwa mbele ya macho yangu mpaka mlangoni, na sikuweza kukitazama.