Kadi ya Kurithi Kichwa cha Reino

Ofisi yetu ya Thunder Bay, mji wa kando ya ziwa huko Kanada, huchora vyuma vya majengo, na kulikuwa na mtindo mmoja humo ambao mgeni angeuona wazimu. Ukiwa unachora, ukitaka kujua kama mahali fulani pana kitu, hufungui faili. Unapaza sauti.

"Mzee! Nguzo ya kumi na nne, upande wa ziwa, futi mia mbili juu. Pana nini?"

Na Reino Hakala, bila kugeuka, andazi lake la sukari ya pinki mdomoni, anajibu: "Bomba la vumbi. Pita chini yake, inchi tisa."

Ukienda kupima, ni inchi tisa.

Hatukufanya hivyo kwa kupenda. Ghala la nafaka tunalolichora lina vipande sitini na viwili kwenye kompyuta, na hakuna mashine yetu iliyoweza kuvifungua vyote pamoja. Ukijaribu, kioo kinaganda. Unakwenda kupika kahawa, unarudi, bado kimeganda. Kwa hiyo kila mtu alifungua kipande chake, akazima vingine, na yaliyobaki akamuuliza Reino. Yeye alianza kulichora lile ghala kwa penseli, mimi sijazaliwa.

Sasa alikuwa anastaafu. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho, na Jumatatu michoro yangu ya daraja jipya la mkanda wa kusafirishia ngano inakwenda kwa wakata chuma. Kuanzia hapo ghala lote lingekuwa juu yangu. Boriti moja ikikosewa, kuna watu watakaoning'inia kule juu mwezi wa Januari, upepo wa ziwa unawachapa, na chuma hakiingii mahali pake. Niliogopa, sioni haya kusema.

Bosi wetu, Gail, akaniruhusu kununua kadi mpya ya michoro, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila unachokiona kwenye kioo.

"Chagua mwenyewe, Marlene," akasema. "Ila ichukue kazi ya kichwa cha Reino."

"Basi tafuteni inayokula maandazi," mzee akadakia.

Jumatano nikaenda dukani, naye akanifuata bila kualikwa. Muuzaji, Darcy, jitu la ndevu hadi kifuani, akatuwekea mezani kadi yenye feni tatu na taa zinazobadilika rangi.

"Dada, hii ni moto wa kuotea mbali. Humu ndani hakuna inayoishinda kasi. Vijana wanaipigania."

"Hao vijana wanachora nini?" Reino akauliza.

"Hawachori, mzee. Wanacheza gemu."

"Haya. Sisi tunachora."

Kusema kweli mimi nilikuwa nimeshaipenda. Wiki nzima nilisoma takwimu zake kila nilipopata nafasi, na ule ndio mkenge wanaouingia wachoraji wengi. Tunaona kasi, tunasahau kwamba kwenye gemu mstari ukiruka kidogo hakuna anayeumia. Reino hakubishana nami. Alitoa mfukoni flashi yenye ghala zima, akanipa.

"Usimuulize muuzaji. Iulize kadi."

Nikaingiza programu yetu kwenye mashine ya majaribio ya duka, nikaanza kufungua vipande. Ile ya taa ilianza kwa mbwembwe: ishirini, thelathini, arobaini. Nikamtupia Reino jicho la ushindi. Kwenye arobaini na tano kumbukumbu yake ikajaa, na nilipozungusha jengo mistari ikaanza kuchezacheza, nguzo zikatoweka na kurudi.

"Ngazi zangu zimekwenda wapi?" Reino akauliza.

"Itatulia, mzee," Darcy akasema.

"Kuna watu watapanda hizo ngazi, ndevu wewe. 'Itatulia' haipandiki."

Darcy akacheka, kisha kwa shingo upande akaleta nyingine. Nyembamba, ya kijivu, haina taa hata moja. Kasi yake kwenye karatasi ilikuwa ndogo na bei yake kubwa. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa mara tatu ya ile ya kwanza, na waliotengeneza programu yetu walikuwa wameijaribu na kuiidhinisha kwa kazi ya michoro.

Kipande cha arobaini na tano kikapita. Cha hamsini. Cha sitini na mbili.

Nikasukuma kipanya, na ghala likageuka.

Sijui nisemeje. Nimelifanyia kazi lile ghala miaka kumi na moja na sikuwa nimewahi kuliona. Nilikuwa nimeona goti lake, kiwiko chake, ukucha wake. Sasa lilisimama lote mbele yangu, mapipa ya zege, kila nguzo, kila bolti, mamia ya mabomba yakipishana bila kugusana, na lilizunguka taratibu bila kusita hata kidogo. Nikaingia kwa chini, nikapanda katikati ya vyuma, nikatokea juu ya paa. Darcy aliacha kutafuna chingamu yake.

"Mzee," nikasema, "ona."

"Naona."

"Lote!"

"Ee. Ndivyo lilivyo."

Hakushangaa hata chembe. Alilitazama kama mtu anayetazama jiko la nyumbani kwake. Ndipo ikaniingia: yeye aliliona hivi kila siku, akiwa ametupa mgongo, andazi mdomoni. Nilimtazama kichwa kile chenye mvi chache na nikahisi woga.

Nikaiambia programu itafute kila mahali ambapo chuma kinagongana na chuma. Nilitegemea mia. Nani achore miaka yote hiyo, vipande hivyo vyote, asikosee? Ikapita jengo zima, ikatia rangi nyekundu mahali pamoja tu.

Nikasogea karibu. Ilikuwa boriti ya daraja jipya, imepita katikati ya ngazi ya dharura, usawa wa kifua cha mtu anayeshuka. Pembeni ziliandikwa herufi za mchoraji: M.K. Mimi, Marlene Kivelä.

"Hiyo hukuniuliza," Reino akasema.

Niliikumbuka siku yenyewe. Asubuhi yake alinijibu mbele ya Gail, "Hata hilo hujui?" Watu wakacheka, nami nikaapa kwamba siku hiyo simuulizi tena kitu. Siku moja tu ya kununa, na nilikuwa nimemwekea mtu chuma kifuani.

Nikamwambia Darcy aandike risiti ya ile ya kijivu. Kisha, machozi yakinilengalenga, nikamgeukia mzee pale pale dukani.

"Nguzo ya tisa, futi mia na themanini. Niisogeze kiasi gani?"

Hakuangalia kioo. Alikuwa anatafuta andazi kwenye mfuko wa koti.

"Inchi kumi na nne, upande wa mjini."

Nikaisogeza inchi kumi na nne, na ile rangi nyekundu ikatoweka.