Bi Mafumbo na Fumbo la Nyumbani Kwao

Haya, nijibu hiki: amembeba mgongoni, amemwogesha, amemnyoa nywele za utotoni, na mpaka leo hamjui ni nani. Usikimbilie kunipa mji. Hata Bi Mafumbo, anayejiona bingwa wa vitendawili, hiki kilimpita puani.

Bi Mafumbo aliishia shule ya msingi, lakini kwenye kilabu cha vitabu alinguruma kama aliyeviandika yeye. Kilabu chenyewe watu watatu: yeye, mdogo wake wa kike anayemfuata, na fundi cherehani, ambaye dukani kwake ndiko walikokutana Jumapili, wamekalia marobota ya vitambaa. Safari hii mdogo mtu ndiye aliyechagua riwaya: nyumba kubwa, mzee kauawa, kila mtu ndani ana lake analolificha.

"Malizeni kucheka," alisema mdogo mtu mapema, "kisha nina swali kwa dada. Linaninyima usingizi."

"Uliza tu, mjuzi nipo," akajibu Bi Mafumbo. "Muuaji mimi nilimjua mwanzoni kabisa. Mtunza bustani."

"Mtunza bustani si alikufa sura ya tatu?" fundi akasema.

"Basi aliwahi kuua kabla hajafa."

Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Maana Bi Mafumbo alishamshuku mpishi, akamshuku daktari, akafikia kumshuku mbwa, kisa hakubweka. Muuaji alikuwa shemeji wa mzee, aliyemziba mzee mdomo asije akafichua kwamba kijana wa mwisho wa nyumba ile alizaliwa na yule anayemwita dada.

"Hapo mwandishi katuona watoto," alisema Bi Mafumbo. "Watu wanakula meza moja, wasijue nani kamzaa nani? Kwa pua yangu hii ningeinusa tangu getini!"

Mdogo wake akafunga kitabu. "Dada, ule mwaka niliopelekwa kwa shangazi, nilikwenda kufanya nini?"

"Si kujifunza kushona?"

"Umewahi kuniona nashona?"

Bi Mafumbo akapiga hesabu. Hata kifungo kikikatika, mdogo wake humletea fundi.

"Mama alinifuata huko," mdogo mtu akaendelea, "akarudi na kitinda mimba wetu. Mama, na mvi zake zote."

"Alisema ni baraka ya uzeeni," Bi Mafumbo akanong'ona. "Yesu na Maria! Na mimi ndiye niliyeitangaza hiyo baraka mtaa mzima!" Akamgeukia fundi. "Wewe ulijua?"

Fundi alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa. "Yeye na huyo kijana wanacheka kicheko kimoja, Bi Mafumbo. Mimi nilidhani unajua, unatunza siri."

"Mimi? Siri?"

Hapo hata yeye alitaka kucheka, lakini mdogo wake alikuwa hajamaliza.

"Mwanangu anaoa mwezi ujao," akasema. "Nataka ajue kwanza mimi ni nani wake. Lakini miaka yote hii nimekuficha wewe, na sijui kama nilikuonea. Niambie ukweli. Ungejua wakati ule, ungenitangaza?"

Bi Mafumbo akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Fundi, hiki kitambaa cha bluu bei gani?"

"Dada."

"Maana kingemfaa bi harusi..."

"Dada, nimekuuliza."

Angesema hapana, wote watatu wangejua anadanganya, hata cherehani ingejua. Akavaa miwani, akamshika mdogo wake mkono.

"Ningekutangaza," akasema. "Ningeanza na jirani wa kushoto, nikamalizia kwa wa kulia, na jioni ningeuliza kwa hasira nani kavujisha. Hukunionea. Sasa inuka, mdogo wangu, twende kwa mwanao saa hii hii, nikiwa nimekushika hivi. Nikipitia nyumbani kwanza, mimi mwenyewe sijiamini."