Klachi Ilikanyagwa

Kwa miaka miwili nilikuwa mdomo wa watu wawili. Mume wangu alikuwa akisema, "Mwambie huyo asiegeshe baiskeli yake kwenye kivuli changu," na huyo mwenyewe, mdogo wake wa tumbo moja, amesimama hatua tano kutoka tulipo, anasikia kila neno. Naye ananijibu, "Shemeji, mwambie kaka kivuli hakina hati." Basi mimi nageuka huku, nageuka kule, kama feni ya mezani.

Chanzo kilikuwa trekta. Waliachiwa wote wawili na baba yao, kuukuu, rangi imebabuka mpaka huwezi kusema zamani lilikuwa jekundu au la rangi ya machungwa. Siku ya ajali shemeji ndiye aliyekuwa akiliendesha, nyuma amefunga mashine ya kufyekea nyasi, ile yenye mapanga mawili mazito yanayozunguka chini ya bati nene. Mume wangu alitangulia kufungua geti. Trekta halikusimama, mapanga nyuma bado yanavuma. Lilimbana kwenye nguzo, likamvunja nyonga na paja la kulia.

"Nilikanyaga klachi mpaka chini," shemeji aliapa siku ile ile, na hakuacha kuapa.

"Hukukanyaga," mume wangu alimjibu kutoka kitanda cha hospitali. "Ulikuwa unashangaa ndege."

Mama mkwe alimwamini mkubwa. Tangu hapo hakuitikia salamu ya mdogo. Shemeji alipomleta mtoto wake mchanga aonwe na bibi yake, bibi aligeukia ukutani mpaka walipoondoka. Nami nilikuwa upande wa mume wangu. Kila usiku nilipomgeuza kitandani akilia kwa maumivu, nilimlaani shemeji kwa sauti, mume wangu asikie.

Fundi nilimwita mimi. Shamba lilikuwa limegeuka pori, nyasi zinanifika mabegani, na trekta limekaa bandani bila kuguswa tangu ajali. Fundi huyo tulimwita Gasketi, maana hakuna boksi la viatu lililowahi kusalimika mikononi mwake, yote aliyakata kuwa gasketi za injini. Alikuja asubuhi, akalizunguka trekta mara mbili, akalala chini ya tumbo lake, akatoka na grisi kwenye nyusi.

"Hii shafti ya nyuma, inayozungusha mashine, meno yake bado mazima," alisema. "Beringi imekufa na sili inavuja oili, hivyo nitabadilisha. Lakini kuna kitu kingine lazima nikiongeze, la sivyo hapa sifungi mashine ya kufyekea."

Alitoa kwenye mkoba chuma cha duara, kinene kama kiwiko, chenye tundu la meno upande mmoja na kishina cha meno upande wa pili. Akakizungusha mkononi. Kwa kulia kilikwenda, kwa kushoto kiligoma.

"Ni kama friwili ya baiskeli. Trekta litazungusha mashine, lakini mashine haitaweza kulisukuma trekta."

Shemeji alikuwa ameegemea mlango wa banda. Akajisogeza. "Mashine inasukumaje trekta?"

"Matrekta ya zamani ndivyo yalivyo. Ukikanyaga klachi, injini inaachia, sawa. Lakini yale mapanga bado yana mbio. Yanarudisha nguvu kwenye shafti, shafti inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha magurudumu. Mguu wako uko chini kabisa na trekta bado linakwenda."

Shemeji alikuwa akimtazama fundi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya watu wasiomjua.

"Mama watoto," mume wangu akasema taratibu, ameegemea mkongojo wake, "mwambie fundi kilichomleta ni beringi. Hakuitwa kutoa ushahidi."

"Masikio ninayo, mzee," Gasketi alisema. "Na sijui ushahidi wa nini. Kama huniamini, tujaribu kabla sijakifunga."

Gasketi alitia betri yake na dizeli mpya, kisha wakafunga mashine ya kufyekea moja kwa moja kwenye shafti, kama zamani. Gasketi akaviringisha pipa tupu, akalisimamisha mbele ya nguzo ya geti. Shemeji akashika usukani ili apande.

"Huyo asipande!" mume wangu alipaza sauti. "Akishavunja watu, anataka na mapipa?"

Akanitupia mkongojo, akajivuta juu ya kiti mwenyewe, jasho linamtoka. Tangu ajali hakuwa amekalia kiti kile. Aliwasha injini, akaingiza gia, mapanga yakaanza kuvuma nyuma yake na majani yakaruka. Trekta likatambaa kuelekea kwenye pipa. Hatua nne hivi kabla ya kulifikia, likasimama. Taratibu, safi kabisa.

"Mmeona?" alipiga kelele, uso unang'aa. "Linasimama! Mtu akikanyaga, linasimama!"

Nilianza kumgeukia shemeji nimkomoe kwa macho, lakini yeye alikuwa akitazama mkono wa kulia wa kaka yake, ambao bado ulikuwa juu ya gia.

"Umetoa gia kwanza," shemeji akasema.

"Nini?"

"Umetoa gia kwanza, ndipo ukasimama. Nimekuona."

"Rudia, mzee," Gasketi akasema. "Gia ikitoka, nguvu ya mapanga haifiki kwenye magurudumu. Safari hii mkono usiguse gia. Klachi peke yake."

Mume wangu hakurudia. Alizima injini. Miaka kumi na minne nimelala na mtu yule, na najua anavyotazama magoti yake akiwa amebanwa.

"Shuka," shemeji akamwambia. Halikuwa ombi.

Alishuka. Shemeji akarudisha trekta nyuma mpaka pale lilipoanzia, akaja kwa mwendo ule ule. Kwenye alama ile ile akanyanyua mikono yote miwili juu, tuione, na mguu wake wa kushoto ukazama mpaka chini. Injini ikabadilisha sauti. Trekta halikujali. Likaenda, likaenda, likalifikia pipa na kulikunja kwenye nguzo kwa mlio ulioniingia kwenye meno. Nilifumba macho. Nilijua ni pipa, lakini nilifumba.

Shemeji akashuka, akamwendea kaka yake mpaka vifua vikakaribia kugusana.

"Ulijua."

"Liliwahi kunisukuma mara moja. Zamani, baba akiwa hai. Nikaingia kwenye uzio. Nilidhani ni breki."

"Kama ulidhani ni breki, mbona unatoa gia?"

Shemeji hakungoja jibu.

"Ulinipa trekta bila kuniambia. Halafu ukalala hospitali ukaniita mzembe. Nilikuwa nakuja na uji, mkeo ananifukuza mlangoni kama mbwa."

Hilo lilinifika.

"Nilikuwa na maumivu," mume wangu akasema. "Nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa. Basi."

"Basi? Twende kwa mama ukamwambie hiyo basi yako."

"Mama ni mgonjwa."

"Mpe mkongojo, shemeji, aende," mdogo mtu akaniambia. Nikampa. Nilimpa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo. Mume wangu alisimama mbele yake akasema yote, mafupi, bila kujipamba. Sitamnyima hilo. Mama aliendelea kukunja shati lile lile, akilikunjua na kulikunja tena.

"Kwa hiyo mdogo wako alikuwa anasema kweli," alisema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukaniacha nimgeuzie mgongo mjukuu wangu." Akamtupia shati usoni. "Toka."

Kisha akamwita mdogo. Shemeji alikuwa kizingitini, hakuingia. "Njoo, mwanangu," mama akarudia, mikono imenyooka. Shemeji akashika mwimo wa mlango. "Nitakuja, mama," akasema. "Leo siwezi." Akaondoka zake bandani.

Gasketi alibadilisha beringi na sili, akavalisha kile chuma kwenye shafti, akakifunga kwa pini. Mchana shemeji alijaribu tena. Klachi chini, mikono juu. Trekta lilisimama kama limepigiliwa misumari, na mapanga nyuma yakaendelea kuvuma peke yake mpaka yakachoka.

Mume wangu alikwenda hadi kwenye gurudumu la mbele. "Mdogo wangu, nimekukosea," alisema.

"Najua," shemeji akajibu kutoka juu. "Shamba nalifyeka leo kwa ajili ya shemeji na watoto. Kesho trekta linahamia kwangu."

"Ni letu sote."

"Lilikuwa."

Nilingoja mume wangu awake, kama kawaida yake. Aliitazama ile nguzo, kisha akasogea kando na kushika geti. "Chukua," alisema.

Shemeji akaingiza gia, akapita katikati ya nguzo mbili bila kumtazama, akaingia kwenye nyasi.